Fundi Cheche na Bati la Sauti

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani wote wanamwita Fundi Cheche, kwa sababu ya cheche zinazoruka mbele ya karakana yake tangu asubuhi, na kwa sababu mwenyewe hatulii. Anatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma na, ukimbana sana, hata jiko. Ukimpelekea mchoro anautazama mara moja, anakuna kidevu, halafu anakuonyesha ulipokosea. Karakana iko kwenye kona, kati ya duka la rangi na kinyozi, na kelele zake zimewafanya majirani hao wajifunze kuelewana kwa mikono.

Nyumbani ana mke, ambaye ni mshonaji, ana mama yake mzazi, na ana binti mmoja. Binti huyo bibi yake alimwita Bibie tangu akiwa mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama watu kama wamechelewa kumletea chai. Haya ninayoyasimulia yalianza Bibie akiwa na miaka minne.

Bibie alikuwa hajambo kwa kila kitu isipokuwa maneno. "Mama" alisema, "baba" alisema, "bibi" ndiyo usiseme. Lakini samaki kwake alikuwa "amai", na sukari ilikuwa "uai", na mtu asiye wa nyumbani alihitaji mkalimani.

"Baba yake naye alichelewa kusema," bibi aliwaambia wageni. "Na sasa mwoneni, hanyamazi."

Fundi aliyapenda maelezo hayo, na yakamtosha. Mke wake hayakumtosha. Akiwa kwenye cherehani, mgongo ameupa mlango, alikuwa akimwambia Bibie amletee mkasi na mtoto hatikisiki. Akigeuka na kusema maneno yale yale wakitazamana, mkasi unaletwa mbio. Alijaribu hivyo kwa siku kadhaa bila kumwambia mtu. Kisha, wakiwa mezani, akasema, "Huyu mtoto anatusoma midomo."

"Acha mambo yako," mama mkwe wake akasema. "Mbona mimi nikimwita anakuja?"

"Mama, wewe ukiita hata mwenye duka la rangi anakuja."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Halafu alimtazama Bibie, ambaye alikuwa akicheka pia kwa sababu baba yake anacheka, na yeye akaacha kucheka. Wiki iliyofuata walimpeleka hospitali.

Chumba cha kupimia masikio kilikuwa mwisho wa korido, mbali na mapokezi, na mlangoni kulikuwa na kibao cha kuomba ukimya ambacho hakuna aliyekijali. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Wagonjwa walimwita dada wa masikio, naye aliitika. Alimkalisha Bibie ndani ya kijumba chenye kuta za sponji, akamvisha hedifoni zilizomfunika nusu ya uso, akampa vipande vya mbao na kopo. Mchezo ulikuwa huu: ukisikia mlio, tupia kipande kimoja ndani ya kopo.

Fundi alitazama kupitia kioo. Mwanzoni vipande vilianguka vizuri. Kisha dada wa masikio akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, na Bibie akabaki ameinua mkono, kipande kikiwa hewani, macho kayakaza. Alikuwa akisubiri kwa adabu zote kitu kilichokuwa kimekwisha kupita.

Walipomaliza, Bibie alikataa kuziachia hedifoni, ikabidi mama yake atoke naye nje kumbembeleza. Kwa hiyo maelezo alipewa Fundi peke yake. Korido ilikuwa imejaa na dada wa masikio alisema upesi upesi. Alionyesha mstari kwenye grafu, akataja masafa, akataja desibeli, akataja vifaa vya kuvaa. Fundi aliitikia kwa kichwa kila aliponyamaza, akashukuru, akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Nyumbani, bibi alikuwa anawasubiri mlangoni.

"Haya, wamesemaje?"

Fundi akaikunjua karatasi. Aliitazama kama mtu anayetafuta jina lake kwenye gazeti. Palikuwa na namba moja aliyoikumbuka, kwa sababu dada aliizungushia duara.

"Sabini," akasema.

"Sabini kwa mia?"

"Nadhani."

"Si amefaulu, basi!"

"Mimi hesabu sikuwahi kuiona sabini," Fundi akasema, na wote wawili wakacheka kwa kutuliwa mzigo, na bibi akatoka kwenda kumpa jirani habari njema.

Mke wake alibaki amesimama na mkoba wake begani. "Kama amefaulu," akauliza, "kwa nini pale mapokezi wametuambia turudi kuchukua vifaa?"

Fundi akaitazama tena ile karatasi, na safari hii aliona kitu ambacho jicho la fundi halikosi: mstari ulikuwa unashuka. Ulianza kushoto ukiwa juu juu, halafu ukaporomoka kuelekea kulia kama ngazi iliyovunjika.

Asubuhi alifika korido kabla ya wagonjwa, na ovaroli yake, hajafungua hata karakana.

"Dada," akasema, "samahani. Jana nilikuwa naitikia tu. Sikuelewa hata kimoja."

Dada wa masikio hakucheka wala hakushangaa. Aliufunga mlango, akavuta kiti. "Kaa hapa. Mimi nami jana nilikuwa nakimbizana na foleni. Tuanze upya. Wewe uliwaambia nini nyumbani?"

"Niliwaambia amepata sabini."

"Na wakasema?"

"Mama yangu ametangaza mtaa mzima."

Hapo alitabasamu, lakini kwa upole. Akaitandaza karatasi mezani. "Hizi si alama za mtihani. Hii namba inasema sauti inahitaji nguvu kiasi gani ndipo mtoto aisikie. Wewe na mimi kumi na tano inatutosha. Namba ikipanda, maana yake sikio linahitaji kupigiwa kelele zaidi."

"Kwa hiyo sabini ni mbaya."

"Ni nzito. Ila si ya sauti zote. Tazama. Huku kushoto ni sauti nene: ngoma, injini ya lori, geti likigongwa. Huku Bibie yuko karibu na sisi. Ndiyo maana ukiangusha chuma anageuka, na ndiyo maana mlikuwa hamna shaka. Kulia ni sauti nyembamba, na huko ndiko kwenye sabini. Sasa, herufi nazo zina makao yao. M na b ziko huku kushoto. S, f, t, k, ziko huku kulia, na ni dhaifu sana. Mtu akisema 's' ni kama anapumua tu."

Fundi alikuwa ameweka kidole juu ya mstari, akikitembeza polepole kwenda kulia.

"Amai," akasema.

"Nini?"

"Samaki. Yeye husema amai. Huwa namrekebisha. Namwambia sema vizuri."

Dada wa masikio akamgeukia. "Anasema kile anachokisikia," akasema. "Hajakosea hata kidogo."

Fundi aligeuza uso akatazama ukuta wa sponji, akautazama sana. Dada wa masikio akaanza kupanga kalamu zake, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Fundi aliporudisha uso, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kazi.

"Kuna kitu kimoja hakijakaa sawa. Hii grafu yako imegeuzwa. Kikubwa kinakaaje chini?"

Dada akacheka kwa mara ya kwanza. "Kila mzazi huo mchoro unampa shida, ila wengi hawasemi. Wanaona mstari uko chini, wanadhani sauti ni ndogo. Fikiria kisima. Maji yakiwa karibu, kamba fupi inatosha. Yakiwa mbali chini, utahitaji kamba ndefu. Huu mstari unaonyesha maji yako wapi."

"Na hivyo vifaa?"

"Ni kamba ya kuongezea. Kisima kitabaki kilekile. Lakini mtoto atakunywa."

Siku hiyo Fundi alifungua karakana jua likiwa limeshapanda. Jioni aliwakalisha mke wake na mama yake, akaeleza yote tangu mwanzo, akirudi nyuma kila alipojikanganya. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya kutokea.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa jirani. Nimrudishie zile pongezi zake."

Vifaa vilipofika, vidogo vya rangi ya kahawia vya kukaa nyuma ya sikio, wote walikwenda kuvichukua. Walitarajia Bibie atacheka, au atalia. Alikunja uso tu, akavigusagusa, akataka kwenda nyumbani. Kioja kilitokea jikoni. Bomba la maji lilikuwa bovu kwa miezi, likidondosha tone moja moja ndani ya ndoo, na Fundi, mwenye karakana nzima ya vifaa, alikuwa hajapata nafasi ya kulifunga. Bibie alipita, akasimama. Akarudi kinyumenyume. Aliinama akaweka uso karibu na ndoo, tone likaanguka, akaruka. Akamtazama mama yake, akanyoosha kidole, akasubiri. Tone jingine. "Eeh!" akasema, kama mtu aliyemfumania mwizi. Alikaa hapo mpaka chakula kikapoa, na mama yake, ambaye kwa miezi alikuwa akigombana na mumewe juu ya bomba hilo, alimkataza kabisa kulitengeneza wiki hiyo.

Maneno hayakuja kwa mkupuo. Kila jioni ilikuwa kazi, na bibi aliivalia njuga. Alikaa mbele ya Bibie, uso kwa uso kama alivyoelekezwa, akitamka "sukari" mpaka chai ikapoa. Bibie alipoipata ile herufi aliing'ang'ania asiiachie. Kwa miezi miwili kila kitu kilikuwa na "sss" ndefu kama tairi linalotoa upepo, na vitu visivyo na "s" navyo vikapewa. Babu wa jirani akawa "sssbabu". Hakulalamika.

Fundi alitaka kumshukuru dada wa masikio, na hakujua kwa njia gani. Zawadi alizikataa. "Hii ni kazi yangu, Fundi. Mlete mtoto kwa tarehe zake, inatosha." Lakini yeye alikuwa ameona jinsi dada anavyohangaika kila siku na karatasi ile moja, akichora kwa kalamu pembeni, wazazi wakiitikia kwa vichwa kama alivyoitikia yeye. Akaenda dukani kwa jirani yake, akaomba rangi zilizobaki.

Alikata bati zito la chuma, ukubwa wa dirisha, akalipiga msasa, akalifungia fremu. Alichora mistari ya grafu kwa rangi nyeupe. Katikati alipaka eneo la njano, mahali ambapo herufi za maneno ya watu hukaa. Mke wake alishona vipicha vya kitambaa: ndege, jani, mtoto anayelia, ngoma, mbwa, lori, pamoja na herufi chache, na kila kimoja nyuma yake kikabandikwa sumaku. Mstari wa mtoto ulikuwa mnyororo mwembamba, nao wa kushika kwa sumaku, hivi kwamba unaweza kuupanga upya kwa kila mtoto. Alilibeba kwa mkokoteni mpaka hospitali, amelifunika shuka kama bibi harusi.

Dada wa masikio alilifunua, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ni zuri sana," akasema. "Ila lori umeliweka juu."

Fundi akajipiga paji la uso. Baada ya maelezo yote yale, mkono wake ulikuwa umefuata akili ya zamani: kikubwa juu, kidogo chini. Wakavibandua vipicha vyote, wakavipanga upya, yeye akishika, dada akielekeza. "Sauti ya jani?" "Huku juu, Fundi, ni ndogo." "Mbwa?" "Shusha. Shusha zaidi, huyo ni mbwa wa aina gani?" Wagonjwa waliokuwa koridoni walichungulia, wakaingia, na kabla ya saa ya chakula mama mmoja aliyeleta mapacha alikuwa akiusogeza mnyororo mwenyewe na kusema, "Kumbe! Kumbe hapa ndege hamsikii, lakini mimi ananisikia."

Bibie alipoanza shule, mwalimu wake wa darasa la kwanza alituma ujumbe kwamba mtoto ni mwerevu ila hasikilizi. Hakukusudia utani. Dada wa masikio alimpigia simu, na siku ya mkutano wa walimu Fundi akalipeleka bati kwa mkokoteni, dada akieleza, yeye akishikilia lisianguke. Mwalimu yule alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Nikiwa naandika ubaoni nimewapa mgongo, yeye anapata nini?"

Dada akavibandua vipicha na herufi za upande wa kulia, kimoja kimoja. "Kwa vifaa vyake na darasa tulivu, anapata sehemu kubwa. Kukiwa na kelele, anabaki na hizi."

Mwalimu alitazama zile chache zilizobaki. "Na feni iko juu ya kichwa chake," akasema. "Na dirisha la barabarani liko ubavuni. Mungu wangu, nimemweka kwenye karakana." Kesho yake Bibie alihamishiwa mbele, mbali na feni, na mwalimu akajizoeza kuandika kwanza, kugeuka, ndipo aseme. Baadaye alikuwa akisema kwamba darasa zima lilianza kumwelewa vizuri zaidi, wakiwemo wenye masikio yao salama, na kwamba angeshukuru kama angeambiwa hivyo tangu chuoni.

Kutoka hapo dada wa masikio akamwomba Fundi neno moja. Kina mama walikuja na maswali, lakini kina baba wengi walinyamaza, wakaondoka na karatasi mfukoni. Je, angeweza kufika mara moja moja, siku za majibu?

Anafika. Hukaa kwenye benchi la korido na ovaroli yake, na hajitambulishi kwa cheo chochote. Nilikuwepo siku alipokuja dereva mmoja wa lori, mtu wa mwili mkubwa, aliyetoka chumbani akasimama ukutani, karatasi imejikunja mkononi.

"Mwanangu si kiziwi," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

"Anaitwaje?" Fundi akauliza.

Dereva akamtajia.

"Anapenda nini?"

Swali hilo hakulitegemea. "Anapenda kukaa ndani ya lori. Nikiwasha injini anapiga makofi."

"Wangu alikuwa hivyohivyo na grinda yangu ya kukatia vyuma. Njoo nikuonyeshe lori lako liko wapi." Wakaingia wote wawili kwenye chumba, na Fundi akakiweka kidole cha yule baba juu ya kipicha cha lori. Walichukua muda. Dereva alitoka macho mekundu, akampa Fundi mkono, akauacha humo mkono wake mpaka mke wake alipomwita.

Kuna siku dada wa masikio alimvisha Fundi hedifoni ili kina baba wengine waone mchezo hauumi. Alikaa kifahari, akitupia vipande ndani ya kopo. Kisha akaacha kutupia. Alipotazama kupitia kioo aliona dada anabonyeza, na yeye hasikii kitu. Miaka yote ya kukata vyuma masikio wazi ilikuwa imekula upande wa kulia wa grafu yake. Si sana, lakini mstari ulikuwa na shimo. Aliporudi nyumbani Bibie, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa na ulimi mkali, aliisoma karatasi kabla ya mtu yeyote.

"Baba, ndiyo maana redio inapiga kelele hivyo! Mama, kumbe si ubishi!"

"Kidogo ni ubishi," mama yake akasema.

Fundi hakuhuzunika kama alivyotarajia. Alinunua vizuizi vya masikio, vyake na vya mafundi anaofanya nao kazi, na anayevivua wakati grinda inanguruma anatumwa kufagia. Huwa anasema ameshukuru kupimwa wakati bado kuna cha kulinda. Na huwa anamwambia kila anayetaka kusikia, na asiyetaka, kwamba katika maisha yake watu wengi wamemwonyesha ujuzi wao, lakini wachache wamevuta kiti na kuanza upya.

Mwaka huu dada wa masikio amehamishiwa hospitali nyingine, yenye magari ya kuzungukia shule za mbali. Kabla hajatulia alipiga simu. Bati la zamani limebaki na mpimaji mpya, ambaye hataki kusikia habari ya kulitoa, na dada anahitaji jipya, jepesi, la kukunjika katikati liingie ndani ya gari.

Nilipopita karakana jana walikuwa wanalimalizia. Fundi alikuwa anafunga bawaba. Bibie alikuwa amekaa juu ya debe la rangi, miguu inaning'inia, vipicha vipya mapajani. Mama yake alikuwa amemshonea kimoja alichokiomba mwenyewe: mvua juu ya paa la bati.

"Inakaa wapi?" Fundi akauliza.

"Inategemea, baba. Ikianza ni ndogo, ipo huku juu. Ikishika kasi, inakwenda kule kwa lori."

"Lazima ikae mahali pamoja, mwanangu. Watu watachanganyikiwa."

"Hawatachanganyikiwa. Mvua wanaijua."

Fundi akakuna kidevu. Akachukua kipicha, akakiweka juu, akakishusha, akakipandisha tena, akamgeukia mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Mama Bibie, wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mwulizeni dada," akasema. "Na mkimpigia, mwambieni tumemkumbuka."